Ua limeharibikia wapi? Matatizo ya kulima na kukausha maua chini ya Meru na Kilimanjaro

Malalamiko yanafanana kila mwaka. Mtu anakuja na boksi la maua ya statisi yaliyopauka, mwingine na fungu la maua ya gomfrena lenye unga wa kijivu katikati, wa tatu anapiga simu kutoka Machame kwamba maua yake yaliyokwisha kukauka "yamerudi kuwa mabichi". Karibu wote wanalilaumu banda la kukaushia, na wapo walioshajenga la pili kabla ya kuuliza. Mimi nakausha maua Tengeru, karibu na Arusha, kwenye banda la mbao lisilozidi chumba cha kulala, na nikifuata kosa nyumanyuma mara nyingi siishii bandani. Naishia shambani, kwenye saa ambayo mkasi ulipita.

Kwa hiyo kabla hujabomoa ukuta, jibu maswali matatu. Ulikata saa ngapi? Ua lilikuwa limefunguka kiasi gani? Fungu moja lina mabua mangapi? Kama hukumbuki, anza leo kuandika hayo kwenye kipande cha karatasi na kukifunga pamoja na kila fungu. Karatasi hizo zimenifundisha mengi kuliko semina.

Rangi imepauka, au imegeuka kahawia

Hili linaongoza kwa wingi, na watu huchanganya mambo mawili. Kupauka ni rangi kuwa nyepesi, kama kanga iliyosahaulika kambani. Kuungua ni rangi kuwa ya kahawia, kama majani ya chai. Tiba zake hazikutani.

Ua lililopauka limepigwa na mwanga. Geuza fungu: kama upande uliotazama dirisha umepauka kuliko wa nyuma, umeshapata jibu. Kama limepauka pande zote, ingia bandani mchana, funga mlango, ngoja dakika mbili macho yazoee. Ukiweza kusoma gazeti, mwanga ni mwingi. Ziba kwa turubai jeusi au magunia, ila acha nafasi ya hewa kupita chini na kutokea juu, la sivyo umeondoa mpauko na kuukaribisha ukungu. Kuanika juani kama kahawa hakufai kwa maua ya mapambo hata kidogo.

Ua lililokuwa la kahawia lina sababu zaidi, nazo nazipanga kwa jinsi ninavyokutana nazo.

Ya kwanza, lilikatwa limezeeka. Ua lililokwisha chavushwa limeshaanza safari ya kuwa mbegu, na kulikausha hakurudishi ujana. Hapa kila ua lina sheria yake, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuvuna shamba zima siku moja:

- Helikrisamu, ambalo mimi naliita ua la karatasi kwa jinsi linavyochakarisha, hukatwa likiwa limefungua safu mbili au tatu tu za nje. Litaendelea kufunguka likiwa linaning'inia. Ukilikata likiwa limefunguka lote, litageuka nje-ndani na kuonyesha kitovu cheusi.
- Statisi ni kinyume chake. Haifunguki tena baada ya kukatwa, kwa hiyo ngoja karibu vijiua vyote vya kwenye shada viwe vimechanua.
- Gomfrena hungoja kichwa kiwe cha mviringo na kigumu kidogo. Ukichelewa, sehemu ya chini ya kichwa huanza kukauka na kumwagika.
- Lavenda hukatwa vijiua vichache vya kwanza vikishafunguka, wakati vilivyobaki bado ni vifuko vya rangi.
- Waridi hukatwa likiwa nusu. Lililochanua lote hupukutika.
- Haidrenjia ndiyo ya wenye subira: iache kwenye mti mpaka petali ziwe kama karatasi mkononi. Ukiikata ikiwa laini itasinyaa usiku mmoja.

Ya pili ni umande. Tengeru na Usa River mwezi wa Julai umande unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, na ukungu wa Meru ukishuka hukaa zaidi. Weka kiganja ndani ya kichaka, chini ya maua, wala usiangalie juu tu. Kiganja kikitoka na unyevu, rudi nyumbani unywe chai. Kwa siku za kawaida muda wangu wa kukata ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Baada ya hapo jua linakuwa kali na mabua yanalegea mkononi.

Ya tatu ni kukauka taratibu mno, jambo la miezi ya baridi, nitalirudia mbele.

Ya nne ni joto lililopita kiasi. Kaushio la karatasi ya nailoni lisilo na matundu, saa nane mchana mwezi wa Februari, linapika. Dalili yake ni kingo za petali kuwa kahawia huku katikati kukiwa na rangi nzuri, na harufu ya mboga zilizochemshwa. Nunua kipimajoto cha bei nafuu, kining'inize usawa wa maua, na fungua matundu joto likikaribia nyuzi 40. Lavenda ndiyo ya kwanza kuadhibiwa: mafuta yake ya harufu huruka, ukabaki na vijiti vya zambarau.

Na ya mwisho si kosa la mtu. Waridi jekundu likikauka huwa karibu jeusi. Jeupe huwa rangi ya maziwa ya mtindi yaliyokaa. Hakuna banda litakalobadilisha hilo. Mteja akitaka wekundu, mpe gomfrena au selosia.

Ukungu katikati ya fungu

Fungua fungu pale kamba ilipobana. Ukungu wa kijivu karibu kila mara huanzia hapo, kwa sababu hewa haifiki. Kisababishi cha kwanza ni fungu nene. Mabua kumi hadi kumi na tano yanatosha, na kwa selosia yenye vichwa vikubwa mimi siendi zaidi ya matano. Najua inauma, mafungu yanakuwa mengi na kamba zinaisha. Lakini fungu la mabua arobaini halikauki. Linaoza likiwa limevaa nguo nzuri.

Kisababishi cha pili ni majani kuachwa kwenye bua. Jani lina maji mengi na halina bei. Pukuchua yote papo hapo shambani, uyarudishe kwenye mboji bila kuyabeba.

Cha tatu ni kamba yenyewe. Bua likikauka husinyaa, kamba ya katani hulegea, mabua huteleza na kuangukia wenzake. Watu hujibu kwa kukaza sana siku ya kwanza, na hapo ndipo wanapofunga njia ya hewa. Tumia mpira mdogo ule wa kufungia noti, unafuata bua linavyopungua.

Cha nne hakionekani mchana. Amka saa kumi na moja alfajiri, ingia na tochi, mulika bati kwa ndani. Ukiona matone, hilo ni jasho la bati: hewa yenye unyevu imepanda usiku, imegusa bati baridi, imegeuka maji, na inadondokea maua yako. Weka dari ya magunia au mikeka nusu mita chini ya bati, na fungua njia ya hewa pale juu kabisa kwenye kichwa cha paa. Mafungu yaliyogusana na ukuta pia yavute, yawe mbali nao kwa upana wa kiganja.

Fungu lenye ukungu halitibiki. Usilikung'ute ndani ya banda ukidhani unaliokoa, maana unasambaza mbegu za ukungu kwa yote yaliyobaki. Lifunge ndani ya mfuko palepale, funga kitambaa puani, litoe nje, likafukiwe katikati ya lundo la mboji lenye joto.

*Acha kazi hapa:* mwenye pumu asifanye kazi hii kabisa. Na yeyote anayebanwa kifua au kupiga chafya mfululizo kila akiingia bandani, atoke na aende kituo cha afya. Asingoje msimu uishe.

Baridi imekaa, hayakauki kabisa

Kuanzia Juni mpaka Agosti wingu hulala juu ya Arusha, na kilichokauka kwa wiki moja mwezi wa Februari huchukua wiki tatu. Hapa tiba ya kwanza haigharimu kitu: vuna kidogo. Banda lililojaa mafungu mabichi 60 linatengeneza mvua yake lenyewe. Ingiza robo, yakikauka nusu ndipo uongeze, na usitundike mabichi jirani na yaliyokaribia kuwa makavu.

Tiba ya pili ni mwendo wa hewa. Hewa baridi inayotembea hukausha kuliko hewa ya uvuguvugu iliyosimama. Feni ndogo inayopuliza ukutani, si moja kwa moja kwenye maua, hubadilisha mambo. Fungua banda saa tano mpaka saa kumi, wakati hewa ya nje ni kavu zaidi, kisha funga kabla ya jioni. Wengi hufanya kinyume: wanafungua asubuhi ya ukungu na kuingiza unyevu wote wa Meru.

Tiba ya tatu ni joto kidogo, na hapa naomba usikilizwe wasiwasi wangu. Mwaka wangu wa kwanza nilitundika mafungu jikoni juu ya mafiga. Yalikauka vizuri sana. Mteja aliyarudisha yote kwa sababu yalinuka moshi kama nyama ya kubanika. Hiyo ilikuwa hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya anayeingiza jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa, kisha akaingia kupanga mafungu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta huanza na kichwa kuuma na usingizi, hajui kinachomuua. Juu ya hilo, maua makavu ni kuni. Usilete jiko la mkaa, mshumaa wala taa ya chemli ndani.

*Acha kazi hapa:* ukisikia kizunguzungu ndani ya banda, toka nje kwanza, mtoe na mwenzako, kisha mwende hospitali hata kama mmepata nafuu. Kama unatumia feni au hita ya umeme na soketi ina joto au inanuka plastiki inayoungua, zima swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni. Moto ukishika, namba ya Zimamoto ni 114. Usirudi ndani kuokoa mashada.

Maua yanapukutika ukiyagusa

Mara nyingi yamekatwa yamechelewa, rudi kwenye orodha ya juu. Selosia ikimwaga punje nyeusi zinazong'aa mezani, hizo ni mbegu zilizokomaa. Zikusanye, ni za msimu ujao, lakini ua lenyewe lilipaswa kukatwa wiki mbili nyuma.

Sababu ya pili ni kukauka kupita kiasi, hasa Januari na Februari. Maua yaliyokaa bandani wiki sita bila kuhamishwa huwa kama mkate uliosahauliwa kwenye tanuri. Kabla ya kuyafunga, acha milango wazi usiku mmoja yavute unyevu kidogo, ufunge asubuhi yakiwa bado na unyumbufu. Usinyunyizie maji.

Ya tatu ni mkono. Mafungu hushikwa kwenye mabua, si kwenye vichwa, na watoto wa likizo wanaolipwa kwa idadi ya mafungu hawajui hilo mpaka waonyeshwe.

Kichwa kimeinama, shingo imevunjika

Helikrisamu tena. Shingo yake ni laini na kichwa ni kizito, ikikauka huinama hata ungefanya kila kitu sawa. Wenye kazi hii huingiza waya mwembamba kwenye bua siku ileile ya kukata, ukiwa bado unapenya; bua likikauka juu ya waya linaushika kama limezaliwa nao. Ukingoja mpaka likauke, utapasua kichwa.

Kwa maua mengine, shingo kuinama kunaonyesha kwamba yalitundikwa yameshalegea, au yalisimamishwa badala ya kuning'inizwa kichwa chini. Gomfrena unaweza kuijaribu kabla ya kukata: shika bua sentimita ishirini chini ya ua, litikise. Kichwa kikiyumba kama cha mlevi, bado. Kikisimama, kata.

Mama mkwe wangu alipoingia bandani mara ya kwanza, akaona mafungu yananing'inia kichwa chini gizani, aliniuliza kwa upole kama nimeanza uganga. Nikamwonyesha risiti.

Na kwa kuwa watu huniuliza: maua meupe ya karatasi wanayoyaona wapanda mlima juu ya msitu wa Kilimanjaro ni ndugu wa helikrisamu hii. Yako ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1973. Hayachumwi, hata moja la ukumbusho.

Yalikuwa makavu, sasa yamelegea

Huyu ndiye yule wa Machame, na wenzake wote wanaopiga simu Aprili. Kuna uwezekano wa aina mbili tu. Ama hayakukauka kamwe, ama yalikauka kisha yakanywa unyevu wa masika.

Kujua ipi, vunja bua karibu na kichwa. Likilia na kukatika, lilikauka. Likipinda kama utepe, ndani bado kuna maji. Nje ya ua hudanganya, kwa sababu petali hukauka siku tatu za kwanza na shingo hukauka ya mwisho. Kipimo kizuri zaidi ni kile cha watu wa mahindi: chukua chupa ya plastiki iliyo kavu kabisa, weka chumvi kavu vijiko viwili vya chai, jaza vichwa vya maua mpaka theluthi, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha bandani. Ikianguka chini yote, funga maboksi.

Yaliyonywa unyevu huokolewa kwa siku mbili au tatu za banda lenye hewa, kama hayajaota ukungu. Baada ya hapo tatizo ni ghala. Boksi la karatasi ngumu lenye magazeti ndani linafaa kuliko mfuko wa nailoni, maana nailoni hufungia ndani hata unyevu mdogo uliosahaulika. Boksi likae juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji na mbali na ukuta wa nje. Masika yakianza, fungua kila boksi mara moja kwa wiki, uingize mkono mpaka chini.

Unga chini ya boksi, vitundu kwenye vichwa

Kama unga ni wa rangi ya mbao na vichwa vina vitundu vya duara, una mbawakawa wadogo wa kahawia, wa milimita mbili au tatu hivi, walewale wanaotoboa tumbaku na viungo jikoni. Kama kuna nyuzi kama utando wa buibui, ni viwavi vya nondo. Kama kuna mbegu zilizobanguliwa, ni panya, na hapo tafuta paka.

Tenga boksi kwanza, kabla hujaanza kutafuta jina la mdudu. Kisha weka maua kwenye mfuko uliofungwa vizuri ndani ya friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Ukiyatoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, ili matone yanayojikusanya nje ya mfuko baridi yasilowanishe petali. Friza ya muuza samaki sokoni hukubali kukodishwa, ila mfuko uwe mara mbili, kwa sababu lavenda yenye harufu ya sato haina soko.

Kufagia ghala, kuziba nyufa na kuchoma mabaki ya msimu uliopita hufanya kazi kubwa kuliko dawa. Majani makavu ya mwarobaini husaidia kufukuza, hayaui waliokwisha kuingia.

*Acha kazi hapa:* usitumie vidonge vya kufukizia nafaka ndani ya nyumba au banda lililoshikana na nyumba. Gesi yake hupita kwenye nyufa na imeua watu vitandani mwao. Ufukizaji ni kazi ya aliyesomea. Na kama mzigo wenye wadudu ulikuwa unakwenda nje ya nchi, usiusafishe kimyakimya. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yapo Ngaramtoni, ndiyo inayotoa cheti cha afya ya mimea, na mzigo ukikamatwa ugenini hasara ni yako yote.

Shambani: miche inaanguka kitaluni

Shina limekatika usawa wa udongo kama limebanwa na koleo: huo ni ugonjwa wa kinyausi. Sababu kuu ni maji ya jioni na mbegu zilizobanana. Mwagilia asubuhi, punguza miche, ondoa nyasi za kufunikia mara mbegu zinapochomoza. Kama shina limekatwa safi na mche umelala pembeni mzima, chimbua kidogo kuuzunguka. Utamkuta sota, kiwavi mkata miche, amejikunja, mnene kwa sherehe ya jana.

Mmea unanyauka

Ukinyauka mchana na kuamka jioni, anza na maji: chimba kiganja kimoja, gusa. Pakavu, mwagilia kwa kina mara chache badala ya kulowesha juu kila siku. Pametota, acha kumwagilia na ufungue mfereji wa kutolea maji.

Kama udongo uko sawa, ng'oa mmea mmoja, mmoja tu, uoshe mizizi. Vinundu kama shanga zilizotungwa kwenye mizizi ni minyoo fundo. Hao hawamaliziki kwa dawa ya nyumbani. Selosia, nyanya na bamia ziondoke hapo, panda misimu miwili zao lisiloshambuliwa na minyoo hao, changanya na marigoldi, maua yale ya rangi ya chungwa, lisha udongo mboji kwa wingi.

Kama mizizi ni safi lakini mmea umenyauka ukiwa bado kijani, bila kuamka jioni, kata kipande cha shina cha sentimita kumi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria.

*Acha kazi hapa:* usihamishe udongo, miche wala jembe kutoka hapo. Funga maji ya mfereji yasipite kwenye eneo hilo, kwa sababu kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vinavyogawana mfongo (mfereji wa kumwagilia) mmoja, maji yako ya leo ni ya jirani kesho. Osha zana kwa klorini ya kufulia na umwite afisa ugani wa kata. Mwambie na jirani pia, hata kama mmegombana.

Ncha za majani zimeungua, au majani machanga yamekuwa njano

Mbolea nyingi na kiu huja kwanza. Ukishaviondoa, tazama maji. Maji mengi kuzunguka Meru yana magadi na floridi. Kwenye maeneo ya Maji ya Chai na Ngarenanyuki, meno ya watu yenye madoa ya kahawia yanasimulia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita ya maji ya kunywa, na chemchemi kadhaa za huku zinapita hapo mara nyingi. Gladiola huonyesha mapema: ncha za majani hukauka kama zimepitishwa motoni. Magadi nayo huzuia mmea kupata chuma, jani changa linakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani.

Mimina maji yako kwenye sahani nyeupe, yaache juani yakauke. Ukoko mweupe mzito unatosha kukutia shaka. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaizidisha. Vuna maji ya mvua kwa ajili ya kitalu, hamia maua yasiyolalamika sana kama gomfrena na statisi, na peleka sampuli ya maji na ya udongo maabara kupitia afisa ugani kabla ya kumwaga chochote cha dukani.

Majani mengi, maua hakuna

Samadi mbichi nyingi ndiyo sababu ya kwanza: mmea unanenepa na kusahau kuzaa. Ya pili ni kivuli. Kihamba chenye migomba na kahawa ni pazuri kwa haidrenjia, lakini gomfrena na helikrisamu zinataka jua kwa muda wa saa sita kila siku kwa uchache. Ya tatu hutokea kwa walionunua mbegu za Ulaya. Huku tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na tofauti ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki nusu saa. Lavenda ya Uingereza inasubiri majira ya baridi kali ambayo hayaji. Lavenda yenye majani ya msumeno haina madai hayo, inachanua mwaka mzima. Statisi nayo inataka wiki kadhaa za baridi ikiwa bado mche, kwa hiyo mbegu ziingie kitaluni Mei ili miche ilale kwenye baridi ya Juni na Julai.

Dada mmoja wa Kahe, ambako joto halipungui, amepanda statisi miaka miwili akivuna majani. Nimemwambia shamba lake alipe gomfrena na selosia, na miche ya statisi akamwekee shangazi yake Marangu, juu mlimani kwenye baridi, wagawane mashada.